Kura Yangu Katika Bahasha Yako

"Kwa hiyo kura yangu imo ndani ya bahasha ya huyu mzee?" Bibi Mayie aliniuliza, akimnyooshea mumewe kidole kana kwamba sijui ni mzee yupi, nasi mezani tulikuwa watatu tu.

"Ndiyo, bibi. Na ya kwake imo ndani ya bahasha yako."

Mzee Peio aliacha kukata jibini. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha akaangua kile kicheko chake cha kifuani ambacho kila mara kiliishia kwenye kikohozi.

"Miaka yote hii kitanda kimoja," alisema, "leo ndiyo tumechanganya shuka."

Nilikuwa msichana bado, na kazi ile niliipenda kupita kiasi. Shirika letu lilikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, na mambo matatu ya kupigania: maji ya bonde letu, haki ya kupiga kura, na haki ya mwanamke kuamua mwenyewe kuhusu mimba yake. Wafugaji wa kule walitupokea kwa mafungu. Mzee Peio alishanipangia mafungu yangu tangu mlangoni, huku akimkemea mbwa: "Wewe ndiye yule wa maji? Ingia. Kwa maji nakupenda, kwa kura nakuvumilia. Hilo la tatu liache kwenye gari."

Maji yenyewe yalikuwa chemchemi yake. Wenye mgodi walitaka kuyavuta chini ya ardhi, nasi tukasimama pamoja naye mbele ya baraza la kaunti mpaka wakaghairi. Lakini mwaka ule hilo la tatu ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya kura, watu waamue kwa ndiyo au hapana. Halikuwa jambo la kuachwa kwenye gari.

Uchaguzi ulikuwa umekwisha. Kura za posta, zile watu wanazojazia nyumbani, ambazo sahihi kwenye bahasha haikulingana na jina, zilikuwa zimewekwa kando, na sisi tulizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wenyewe wazirekebishe kabla muda haujapita. Marlys, aliyetuongoza, alikuwa na sharti moja asilotaka lijadiliwe: humuulizi mtu alivyopiga. Unamsaidia kila mmoja, hata yule ambaye bango la uani kwake linakutukana. Kwa Mzee Peio bango lilikuwepo, tena kubwa. Niliegesha gari kando yake.

Kosa lao lilikuwa la watu wanaopigia kura mezani pamoja. Walijaza karatasi zao, huyu upande huu wa sufuria ya maharage na yule upande ule, kisha kila mmoja akavuta bahasha iliyokuwa karibu na mkono wake, akatumbukiza karatasi, akatia sahihi bila kusoma jina lililochapwa juu. Karani wa kaunti aliligundua hilo, akasema kila bahasha itahesabiwa tu mwenye jina lake akisaini fomu, si mwingine; fomu hizo mbili ndizo nilizowaletea.

"Maana yake, bibi, ukisaini wewe peke yako, kura itakayohesabiwa ni ya mzee."

"Na yangu?"

"Yako anayo yeye."

Kicheko kikakatika. Mzee Peio alijimiminia kahawa taratibu.

"Hapa hakuna siri," alisema. "Yeye kasema ndiyo, mimi nimesema hapana. Tangu tuoane tunafutana. Sasa zikikaa nje zote mbili, hesabu si ileile? Kunywa kahawa, binti, ukawaokoe wengine."

Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa, na mimi hotuba zangu zote nilizozoea kuzitoa milangoni hazikunifaa kitu. Niliona aibu, nikainamia kikombe.

Bibi Mayie alikuwa akifuta meza, mahali ambapo tayari palikuwa safi.

"Unamkumbuka Terexa?" alimuuliza mumewe.

"Dada yako? Nitamsahauje? Mungu amrehemu."

"Ule mwaka tulipooana, ulipokuwa milimani na kondoo. Nilimpeleka kwa mtu, ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Chumba cha nyuma kwa kinyozi. Nikamrudisha amenilalia begani, anavuja damu njia nzima, mimi naendesha huku naimba ili asije akasinzia moja kwa moja. Akapona. Lakini hakushika mimba tena. Na wewe kila Krismasi ulikuwa ukimtania kwamba nyumba yake haina kelele."

Mzee Peio aliweka kisu chini.

"Kwa gari langu?"

"Kwa gari lako."

"Ile damu kwenye kiti. Uliniambia ni ya kondoo."

"Nilikuambia ni ya kondoo."

Mbwa alikuwa akikwaruza mlango na hakuna aliyemfungulia. Nilitamani kutoka, ila kiti changu kilikuwa kimebanwa ukutani, na nisingeweza kupita bila mzee kusimama.

"Sitaki kukushinda, Peio," Bibi Mayie alisema. "Nifute tu kama ulivyozoea. Lakini unifute nikiwa nimeandikwa."

Mzee alijipapasa mfukoni mpaka akapata miwani. Akaivaa, akaivuta fomu karibu.

"Nionyeshe pa kusaini," aliniambia. "Na msidhani nimebadili mawazo. Jumapili kanisani naenda vilevile."

"Nani kasema huendi?" mkewe akamjibu.

Akatia sahihi polepole, akipumua kwa nguvu, kisha akaisukuma kalamu ng'ambo ya sufuria. Ndipo nilipong'amua kwamba ya mkewe ilikuwa imekwisha kuokoka, na ya kwake sasa imo mikononi mwa Bibi Mayie. Naye bibi alilijua hilo kabla yangu. Aliishika kalamu akamtazama mumewe kwa muda mrefu, na mimi nikajikuta naomba Mungu kimoyomoyo, wala sijui niliomba nini.

"Nisingesaini, ningekuwa mtu mbaya," alisema.

"Ungekuwa," mzee alikubali.

Akasaini.

Hoja ile ilipita. Si kwa kura za wale wawili, maana hao walifutana kama kawaida yao.

Uchaguzi uliofuata nilipita tena pale, ingawa safari hiyo sikuwa na la kurekebisha. Bango bado lilikuwa uani, limepauka kwa jua. Bibi Mayie hakutaka ling'olewe. Mzee Peio tulikuwa tumemzika kabla theluji haijayeyuka. Juu ya meza palikuwa na sufuria ya maharage, ileile, na bahasha moja.

Bibi alijaza karatasi, akaitumbukiza, akaigeuza bahasha akasoma jina. Akaiweka chini. Akaishika tena, akasoma tena.

"Ni yako, bibi," nilimwambia.

"Najua ni yangu." Alitia sahihi. "Sasa hakuna wa kunifuta."

Hakuyasema kwa furaha. Aliisukuma bahasha ng'ambo ya sufuria, hadi mbele ya kile kiti kingine, akaiacha hapo mpaka tulipomaliza kahawa. Kisha akavaa koti, tukaenda posta.