Mwanga wa Uchochoro Mmoja

Taa za usiku zilizoletwa mtaani zilitosha uchochoro mmoja tu, wakazipata wa mbele. Mama Pasi, dobi wa huko mbele, alimshukuru Mungu hadi sauti ikamkauka. Mdogo wake, mshonaji aliyeishi uchochoro wa nyuma, alimtania kwamba wezi wakifukuzwa na mwanga watahamia kwa jirani wa karibu, maana nao hawana nauli ya kwenda mbali.

Utani ukageuka kweli. Huku mbele watu walianza kuacha nguo kwenye kamba usiku kucha na kuzikuta zote asubuhi. Kule nyuma milango ilivunjwa, leo huyu, kesho yule, hadi zamu ya mshonaji ikafika. Aliing'ang'ania cherehani yake kama mtu anayenyang'anywa mwana. Wakampiga nondo mkononi, wakaibeba. Daktari alisema mfupa utaunga, lakini vidole havitashika sindano tena.

Siku chache baadaye, alasiri, majirani wa mbele walikutana uani kwa Mama Pasi kutoa shukrani. Mwenyekiti wao, fundi viatu asiyeishiwa maneno, alijisifu kwamba tangu taa ziwake hata kifaranga hakijapotea. Kisha akamwomba Mama Pasi, hodari wao wa sala, aongoze.

Mama Pasi akasimama, akafumba macho. Mdogo wake alikuwa amekaa pale mlangoni, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Akafumbua macho, akamtazama.

"Mwenyekiti," akasema, "taa mbili tuwape wa nyuma."

Watu wakakohoa. Mwenyekiti akajibu kwa upole, "Mama, tukitoa taa wezi watarudi kwetu. Nawe una watoto hapa."

"Na huyu ni mtoto wa mama yangu."

Mshonaji akainuka, akamgusa dada yake begani kwa mkono mzima.

"Waache, dada. Ningekuwa mimi huku mbele, nisingetoa hata moja."

Mama Pasi akamsihi alale kwake. Akakataa; nyumba ikibaki tupu, hata kitanda wezi watakibeba. Akaaga mapema ili giza lisimkute njiani.

Majirani walikuwa bado wameinamisha vichwa, wakingoja. Mama Pasi hakushukuru. Aliwaombea walio gizani, kwa maneno machache, na alipofika mwisho aliitikia Amina peke yake.