Boya la Kuku, Tangi la Samaki

Mtaani walimwita Randa, kwa kuwa alikuwa seremala miaka arobaini, na hata kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia, jina halikumtoka. Aliishi kwa mwanawe, fundi wa minara ya simu ambaye kila mwezi wiki tatu huwa safarini. Kwa hiyo nyumba hasa ilikuwa ya watu wawili: Randa na mkamwana wake, muuguzi, aliyekuwa akitoka alfajiri na kurudi miguu imemvimba.

Sebuleni palikuwa na tangi la kioo lenye samaki tisa wa rangi ya dhahabu, limekaa juu ya meza aliyoiunga Randa mwenyewe, bila msumari hata mmoja. Maji ya tangi hupungua kila siku, yakipotelea hewani kidogo kidogo, na yakishuka mno chujio huanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Zamani Randa aliyaongeza kwa mkono wake. Sasa ilikuwa kazi ya mkamwana, na jambo hilo lilimkera mzee kuliko kiharusi chenyewe. Kuhudumiwa hakukuzoea. Asante ilimkwama kooni, na mahali pake yalitoka maagizo: "Polepole bwana, unawatisha."

Siku moja, mkamwana akiwa bafuni anajiandaa kwa zamu ya mchana, Randa akaamua kujitegemea. Ndoo ya maji ilikuwa tayari imewekwa juu ya kabati. Akatumbukiza mpira mwembamba ndani yake, akauvuta kwa mdomo mpaka maji yakaja, akaubana kwa kibanio cha nguo ili yadondoke tone tone tangini. Yakadondoka vizuri sana. Akaketi kuyatazama, roho kwatu, na usingizi ukamchukua.

Kilichomwamsha ni ukelele wa mkamwana. Kibanio kilikuwa kimefyatuka, tangi limefurika, na sebule nzima imekuwa ziwa. Viatu vyeupe vya kazi vya mkamwana vilikuwa katikati ya dimbwi, vimejaa maji hadi kwenye kamba.

Randa akajikunja akingoja kusemwa. Mkamwana akashika kiuno, akatazama viatu, akatazama samaki waliokuwa wakielea karibu kabisa na ukingo, akaangua kicheko mpaka akaegemea mlango.

"Baba, ulitaka kuwaachia waje kuzuru sebule?"

"Nilitaka nikupunguzie kazi," Randa akasema, macho chini.

Kicheko kikakatika. Mkamwana akachukua tambara, akaanza kukausha, na huku akikamua alikuwa akiwaza kwa sauti. "Wodini dripu tunaikagua kila mara. Hii yako nani ataikagua? Tunataka kitu kinachojua chenyewe kwamba kimeshiba."

Randa akainua kichwa. "Kama tangi la choo."

"Eh?"

"Lile boya lake! Maji yakijaa, boya linapanda, linafunga. Yakishuka, linafungua."

Mkamwana akaenda kazini kwa ndala, viatu ameviweka kwenye mfuko. Lakini siku yake ya mapumziko ilipofika, wakaongozana hadi duka la vifaa vya ujenzi. Boya la choo lilikuwa kubwa mno. Muuzaji akafukua droo na kutoa jingine dogo kama kidole gumba, la vyombo vya kunyweshea kuku.

"Mna kuku wangapi?"

"Tuna samaki," akajibu Randa.

Muuzaji akamtazama mzee, akamtazama muuguzi. "Samaki nao wananyweshwa?"

Walicheka njia nzima.

Kazi iliwachukua asubuhi yote. Walitoboa ndoo karibu na kitako, wakatia koki, na kutoka hapo wakashusha mpira hadi kwenye boya. Randa alipima na kuchora kwa mkono wa kushoto kibao cha kulishikilia boya kwenye ukingo wa kioo; mkamwana akakata kwa msumeno, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Mdomo wake wa kutolea maji usizame majini," Randa akamwonya, "maji yasije yakarudi nyuma. Sasa tuliweke kimo gani?"

"Hapa," akasema mkamwana, akaonyesha nyuma ya tangi.

Randa akainama. Kwenye kioo, upande usioonekana, palikuwa na kipande cha plasta ya hospitali, kimebandikwa sawasawa kabisa.

"Hiki nani kaweka?"

"Mimi. Siku ile ulipolazwa. Nilitaka nijue wewe ulikuwa unayafikisha wapi." Akafungua kabati la chini kutafuta maji ya kujazia ndoo. Humo mlikuwa na madumu matatu. "Haya ni ya jana, dawa ya bomba imeshaisha nguvu. Huwa nayakinga kila jioni, alfajiri nawaongezea. Niliuliza watu, wakaniambia maji ya bomba moja kwa moja yanawaua."

Miezi saba tangu kiharusi, Randa alidhani mkamwana anachota tu bombani na kumimina. Aliwahi hata kumkemea kwa hilo, na mkamwana hakujitetea.

Wakafungua koki. Maji yakashuka, boya likapanda taratibu, likafunga. Randa akateka kikombe kimoja kutoka tangini. Boya likashuka, maji yakaja, yakafika kwenye plasta, yakakoma. Akateka cha pili. Cha tatu.

"Baba, tosha, limefaulu mtihani."

Randa akaweka kikombe. "Mwanangu, asante."

"Ya boya? Boya wazo lako."

"Ya miezi saba."

Mkamwana akageuka akaanza kukusanya vumbi la mbao kwa kiganja, lote, mpaka chembe ya mwisho. "Usinilize, baba," akasema hatimaye. "Leo nilipanga kupumzika."

Jioni mwanawe alipopiga simu, Randa hakungoja salamu.

"Wewe umeoa," akamwambia. "Umeoa kwelikweli. Nilikuwa sijakupongeza."

"Baba? Kuna usalama huko?"

"Salama tupu," akasema Randa, akampa simu mkamwana.