Magunia Yaliyobaki Karakana

Treni mpya ilikuwa imeahirishwa mara tatu, na watu walishaigeuza kichekesho. Mara ya kwanza breki zilikataa. Mara ya pili taa zilijiwasha na kujizima zenyewe kama zimepagawa. Mara ya tatu, jamani, hata sababu hatukupewa. Mtu akichelewa kikao aliulizwa, "Vipi, umekuja na treni mpya?"

Aliyekuwa hacheki ni Bisibisi. Wenzake karakana walimpachika jina hilo kwa sababu bisibisi yake haikumtoka mfukoni hata siku ya harusi ya mdogo wake. Alikuwa fundi wa milango, na bila saini yake hakuna behewa lililotoka nje ya lango. Baba yake, dereva wa treni mstaafu mwenye pumu, alimpokea kila jioni kwa swali lile lile: "Mwanangu, lini?" Mzee alikuwa ameshanyoosha suti yake mara tatu, na mara tatu akairudisha kabatini.

Karakana hiyo ilikuwa na desturi ya tangu zamani. Kabla behewa halijabeba watu, lilipakiwa magunia ya mchanga, gunia moja kwa kila abiria, ndipo milango ilipopimwa upya. Kazi ya kuvunja mgongo! Lakini mzee alikuwa akimwambia binti yake tangu utotoni: "Behewa tupu ni muongo. Lipakie kwanza, ndipo uliulize."

Wiki ya uzinduzi, Bisibisi aliagiza magunia. Mkuu wa karakana akaja mbio, jasho linamtoka.

"Magunia? Kwenye viti vyeupe hivi? Mgeni rasmi akalie vumbi?"

"Bosi, hatujapima uzito."

"Hesabu za kiwandani zinatosha. Au unataka tuahirishe mara ya nne, ukamweleze wewe?"

Bisibisi akatazama vile viti, bado vina nailoni. Akamkumbuka mzee na suti yake. Akaipima milango behewa likiwa tupu: kati ya ncha ya chini ya mlango na alama ya kimo cha jukwaa la stesheni kulikuwa na nafasi ya vidole viwili. Akatia saini. Ndiyo, alitia.

Siku yenyewe ikafika. Abiria walipandia kwa ngazi kwenye uwanja wa karakana, usio na jukwaa, na treni isingesimama popote njiani. Mzee alipata nafasi behewa la kwanza, kiti cha dirishani, tai imemkaba shingo. Bisibisi alitangulia stesheni ya mwisho, akasimama jukwaani kuipokea. Treni ikaingia polepole, imejaa pomoni, watu wanapunga mikono. Vigelegele! Ikasimama. Kengele ya milango ikalia.

Milango ikasogea kidogo tu, ikakwaruza, ikakwama. Yote!

Watu wakadhani ni mbwembwe za kisasa, wakaendelea kupiga makofi. Bisibisi hakupiga. Aliangalia chini. Vile vidole viwili havikuwapo tena. Uzito wa watu ulikuwa umeliteremsha behewa, na milango, ambayo ilijitokeza nje kabla ya kuteleza kando, ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa zege. Haifunguki, haifungiki. Na treni ile iliundwa isitembee hata hatua moja kama milango haijafungwa sawasawa.

Kisha kiyoyozi kikazima.

Madirisha hayakuwa ya kufunguka. Nyundo za kuvunjia vioo zilikuwa bado kwenye maboksi, stoo. Upande wa pili, ukuta wa stesheni ulikaribia kiasi kwamba paka angepita kwa taabu. Nyuma ya kioo akamwona baba yake amelegeza tai, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Lahaula! Bisibisi aliunyakua mtungi wa kuzimia moto, akakipiga kioo kwa nguvu zake zote. Kikabaki na alama nyeupe, basi.

"Usivunje kioo!" mkuu alipiga kelele. Mpaka leo sijui mtu yule aliumbwa na nini.

Bisibisi akapigapiga kioo kwa kiganja, akamwonyesha mzee kwa vidole: mlango, chini, zege. Mzee akainama, akatazama, akaelewa. Dereva ni dereva. Akageuka, akainua mikono, akaanza kuwasukuma watu kule upande wa ukutani. Sauti haikusikika, lakini watu walimtii, wakabanana huko, watoto juu ya mabega. Behewa likaegemea kule. Huku upande wa jukwaa likainuka kidole kimoja. Bisibisi akachomeka bisibisi chini ya mlango, akasukuma mpaka ikapinda, na mlango ukateleza.

Watu walimwagika nje wakilia, wakikohoa. Mabehewa mengine nayo yakafunguliwa kwa njia hiyo hiyo. Mzee alitoka wa mwisho katika lake. Bisibisi akamkalisha kwenye benchi, akampa dawa yake ya kuvuta, akamshika mkono ambao ulikuwa baridi.

Mkuu akaja, akainama sikioni kwa Bisibisi. "Tutaandika abiria waliegemea milango. Umenisikia?"

Pumzi ilipomrudia, mzee akauliza, "Mlipakia magunia?"

Hapo ndipo Bisibisi angeweza kudanganya. Mkuu alikuwa amemkodolea macho.

"Hapana, baba. Nilipima likiwa tupu. Nikatia saini."

Mzee akaangalia behewa, akaangalia bisibisi iliyopinda, kisha akamwangalia yeye kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kumtambua.

"Mle ndani watu walipoanza kupiga mayowe," akasema, "mimi niliwaambia wasiogope. Niliwaambia milango hii imepimwa na binti yangu."