Mara ya Nne Mlangoni

Nimeandika vitabu kumi na kimoja vya kutisha, na hakuna hata kimoja chenye ukurasa wa shukrani. Mhariri wangu anadhani ni kiburi, nami namwacha adhani hivyo, maana ukweli unatia aibu zaidi. Kila nikianza kuandika "namshukuru", mkono unakuwa mzito, naenda kuchemsha chai, na nikija kushtuka kitabu kimeshakwenda kuchapwa.

Mtu wa kushukuriwa ni mmoja tu. Ni Mamdogo, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea tangu nina miaka kumi na mmoja. Sijawahi kumtamkia neno hilo. Nyumbani kwetu mtu akikupa kitu unapokea, kisha kila mmoja anaendelea na shughuli zake. Akiniona nimesimama mlangoni nikitafuta maneno ananiuliza kama nimefunga choo.

Mwaka huu mhariri akaja na jipya. "Andika riwaya ya mtoto anayekua," aliniambia. "Iwe na hofu yako ileile, lakini mwishoni awe mtu mzima."

Hadithi za namna hiyo sizipendi, na nimeshasema hadharani. Mtoto anaanza hajui hili wala lile, akifika ukurasa wa mwisho ana busara ambayo hata babu yake hana, sijui kaiokota wapi. Mimi nilikua, nilikuwepo, na sikumbuki siku niliyoamka nikajikuta nimekua. Ninachokumbuka ni viatu kubana.

Lakini nilikubali, na sababu yangu ilikuwa moja. Nilijiambia, kama mdomo umeshindwa, basi kitabu kiseme. Nitamwandika Mamdogo jinsi alivyokuja kunichukua, nitamsomea kwa sauti yangu kabla mtu mwingine hajakiona, naye ataelewa ninachomwambia. Na hiki kikishindwa, sina njia nyingine.

Niseme tunavyofanya kazi. Kila Jumamosi asubuhi naenda kwake. Sebule yake ndiyo karakana: cherehani ya miguu, meza ya kukatia vitambaa, na kamba iliyotundikwa nguo za wateja, kila moja na kikaratasi chake. Mimi nakaa kwenye kigoda cha wateja, ana kwa ana naye, nasoma kurasa za wiki hiyo huku yeye anashona. Maoni simwombi. Ukimwomba maoni atakwambia "nzuri" hata kama umemsomea maelekezo ya dawa ya panya.

Ninachosikiliza ni cherehani. Akiogopa, mguu wake unasimama kwenye kanyagio, na chumba kizima kinanyamaza. Hapo naweka alama kwa kalamu nyekundu. Sura ikipita nzima bila cherehani kusimama hata mara moja, naichana nikifika nyumbani, bila huruma. Wahakiki wanasema najua kupima hofu kwa mizani. Mizani yenyewe ni mguu wa Mamdogo.

Sasa nikafika sura ya saba, ile niliyoiandikia kitabu kizima. Karibu yote ni kweli. Mama alifariki hospitalini. Jirani aliyekuwa akikaa nami alitoka kidogo kwenda kazini kwake kuomba ruhusa, nikajifungia ndani kwa komeo. Ilikuwa mchana, jua limewaka. Nikasikia hatua za mtu zinakuja kwenye ujia, zikasimama mbele ya mlango wetu. Hakugonga. Hakusema kitu. Baada ya muda zikaondoka. Zikaja tena, zikasimama, zikaondoka. Zikaja mara ya tatu.

Hatua hizo nimezitumia kwenye kila kitabu. Nimempa askari aliyekufa, nimempa bibi harusi, kuna mahali nimekipa kitu ambacho hakina hata miguu. Wasomaji wananiandikia kwamba hawawezi kukaa peke yao nyumbani kwa sababu yangu. Huwa nafurahi, Mungu anisamehe.

Mara ya nne mtu aligonga, nikafungua, akawa Mamdogo na begi lake. Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye riwaya nikaandika kwamba mwanamke mtu mzima, mrefu, asiyejua wasiwasi, alifika akakifukuza kile kilichokuwa kikinyemelea, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Nililia nikiandika, mimi ambaye huwa nachinja watu kumi kabla ya chai ya saa nne.

Nikamsomea Jumamosi hiyo. Cherehani haikusimama.

Nikaandika upya, nikaongeza giza, nikapunguza maneno. Jumamosi iliyofuata nikasoma tena. Alimaliza pindo la sketi, akakata uzi kwa meno, akachukua nyingine. Jumamosi ya tatu nilifika nimeshanuna tangu kwenye ngazi. Nilisoma ukurasa wa hatua mlangoni polepole, neno kwa neno, na ile cherehani ikaendelea kuimba kama vile nasoma bei za nyanya.

Hasira zikanipanda. Nikainuka na karatasi zangu, nikawa natembea huku nasoma, nikazunguka meza ya kukatia mpaka nikawa nyuma yake. Nikafika mwisho wa ukurasa. Kimya, ila cherehani. Nikasema, "Mamdogo, umekasirika?" Hakujibu. Nikasema kwa nguvu zaidi, "Mamdogo, kuna mtu mlangoni." Akageuza kitambaa, akakinyoosha kwa kiganja, akaendelea. Basi nikasema kwa sauti yangu yote, "Mamdogo, nyumba inaungua."

Alikuwa anaimba kwa pua, taratibu, huku anashona.

Nilizunguka nikarudi mbele yake, nikakaa kwenye kigoda. Akainua macho akaniona uso, na hapo ndipo cherehani iliposimama.

"Umejua," alisema.

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo. Kabisa ni tangu kitabu chako cha saba. Daktari anasema ni kile kiwanda."

Kwenye kiwanda cha nguo alifanya kazi miaka kumi na sita, mashine mia mbili kwenye ukumbi mmoja, ili mimi nisome. Nikaanza kuyaona yote niliyokuwa nayaona bila kuyaona. Simu yake ambayo siku zote ni mbovu, mtumie ujumbe tu. Kigoda cha wateja alichokiweka pale pale alipoweza kutazama mdomo wa kila anayekikalia. Wateja anaowaambia warudie vipimo, nami nikidhani ni umakini wa kazi.

"Na vitabu vinne vyote vilivyofuata?" nilimwuliza. "Ulikuwa unasimama wapi, kama husikii?"

"Ulipokuwa unaogopa wewe." Alisema hivyo kama mtu anayekuonyesha sehemu ya kukata kitambaa. "Mdomo wako unakwenda mbio mno ukisoma, siupati. Lakini ukifika pabaya unameza mate, na nyusi zinapanda. Wewe Mwoga huwezi kuficha kitu. Nikiona umeogopa, nasimama."

Mwoga ndilo jina alilonipa utotoni, na hakuna anayelitumia zaidi yake. Vitabu vinne nimewatisha watu kwa kipimo cha uso wangu mwenyewe, na aliyekuwa anausoma uso huo ni mtu asiyesikia hata neno. Nimekaa na wataalamu wengi wa fasihi maishani, na sijaona msomaji wa namna hiyo.

"Basi mbona sura hii hukusimama?"

"Hukuogopa. Ulikuwa kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi."

"Kwa nini hukuniambia, Mamdogo?"

Akachukua uzi ulioangukia mapajani, akauviringa kidoleni. "Ningekwambia masikio yamekufa, ungekuja kusoma kwa nani? Mimi nilitaka uje."

Kazi yangu ni kutafuta kinachowaogopesha watu usingizini. Na miaka yote hiyo mbele yangu kulikuwa na mtu anayeogopa kwamba Jumamosi moja sitatokea, nami sikuona kitu.

Nikamkabidhi karatasi. Alivaa miwani ya kutungia sindano, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Hajisikii anaposoma, kwa hiyo alisoma kwa nguvu mno, sauti moja tu, bila kupanda wala kushuka, na sijawahi kuyasikia maneno yangu yakiwa mazito hivyo. Akafika kwa yule mwanamke.

"Mwanamke mtu mzima, mrefu, asiyejua wasiwasi." Akaniangalia juu ya miwani. "Huyu nani?"

"Wewe."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Umri wake naujua. Nimemwandikia fomu za hospitali mara ngapi? Lakini sikuwahi kuirudisha hesabu mpaka kwenye mlango ule. Kumi na tisa. Kuna binti wa jirani wa umri huo, juzi alinipigia simu kuuliza wali unatiwa maji kiasi gani.

Mamdogo alirudi nyuma ukurasa mmoja, akaweka kidole. "Na hiki kilichokuja mara tatu mlangoni, kikasimama, kikaondoka. Ni kitu gani?"

"Sijui," nilisema. "Ndiyo maana kinatisha."

Akavua miwani. "Ni mimi."

Akaendelea, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

"Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha ushonaji. Wakaniita ofisini, wakasema dada yako amefariki, kamchukue mtoto. Nikaja. Nilipofika mlangoni nikasema, mimi huyu nikalee mtu? Kitanda changu chenyewe cha kuazima. Nikarudi mpaka kituo cha basi. Basi likaja, nikaliacha. Nikarudi kwako. Nikashindwa tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, kondakta ananitukana kwamba nipande au nishuke."

Alipoinua macho nikasema, "Hukuwahi kuniambia."

"Nikwambie nini? Kwamba nilikukimbia mara tatu?" Sauti yake ilipanda, hakujua. "Halafu ukakua, ukaanza kuandika, na kila kitabu kina hatua mlangoni. Vile vya mwanzo nilivisikia kwa masikio yangu haya. Unadhani mguu wangu ulikuwa unasimama kwa sababu ya mizimu yako? Nilidhani unajua. Nilidhani unanisuta, Jumamosi hadi Jumamosi, na kwamba siku moja utasoma mpaka mwisho na kulitaja jina langu."

"Na bado ulikuwa unanikaribisha."

"Ulikuwa unakuja," alisema. "Nifanye nini?"

Nilimtazama kama ninavyotazama bahari au mlima, kitu ambacho huwezi kukizunguka ukakimaliza. Mwanamke huyu alikaa akisomewa kosa lake kitabu baada ya kitabu, akaniwekea kigoda, akashona. Na mimi ndiye ninayejiita mjuzi wa hofu. Nikaona pia kwamba riwaya yangu imekaa upande mbaya wa mlango. Mtoto aliyekuwa anakua siku ile alikuwa nje, kwenye ujia, na begi mkononi, na hakuwa na mtu wa kumwambia afanye nini. Mimi ndani nilikuwa naogopa tu, kazi ambayo hata paka anaiweza.

Nikamgusa goti ili atazame mdomo wangu. "Kwa nini ulirudi mara ya nne?"

"Sikurudi kukaa. Jirani alikuwa ameacha ujumbe chuoni kwamba huna nguo za kubadilisha, nami nilikuwa nimekubebea kwenye begi. Nilirudi niliache begi mlangoni, niondoke." Akatabasamu kidogo. "Nikakusikia. Ulikuwa unaosha vyombo. Nilisimama pale nikasema, tazama mtoto huyu. Mama hana, hakuna wa kumtuma, na anaosha vyombo, tena kwa nguvu kama nyumba ina watu kumi. Nikasema huyu si wa kumhurumia, huyu tutasaidiana. Nikagonga."

Jambo la vyombo sikuliandika. Sikuliandika kwenye riwaya hii wala kwenye kitabu chochote, kwa sababu lilinifanya nionekane mpumbavu.

Niliishika mikono yake yote miwili, nikasogea karibu, nikasema taratibu, neno moja moja. "Sikuwa naosha. Nilikuwa nagonganisha sufuria na vijiko, chochote nilichokiona. Nilitaka wewe uliye nje udhani tuko wengi. Nilikuwa nakufukuza."

Alitazama midomo yangu mpaka mwisho, kisha akaitazama kidogo zaidi, kama ananisubiri nibadilishe.

"Ungenyamaza," alisema, "ningeweka begi nikaondoka."

"Ndiyo."

Miaka thelathini na mitatu. Kiwanda, masikio yake, ada yangu ya shule, vitabu vyangu vyote, vimesimama juu ya mtoto anayepiga kelele za kufukuza na msichana aliyezisikia kama mwito. Kila mmoja wetu alikuwa akimkimbia mwenzake kadiri alivyoweza, na hivyo ndivyo tulivyopatana. Mamdogo akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha mtu asiyejisikia, mpaka machozi yakamtoka na akayafuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Aliponyamaza nikamwambia, "Asante, Mamdogo."

Akasogeza uso. "Sema tena. Jua linanipiga machoni, sijaona."

Dirisha lilikuwa nyuma yake. Nikasema tena.