Maji ya Nyuzi Tisini na Moja

Kompyuta ilitoa asilimia tisini na nne. Kanuni inasema andalio la somo likifanana na kazi nyingine kwa zaidi ya asilimia arobaini, faili linarudishwa, na mwalimu haombi tena daraja la juu mpaka ipite miaka mitano. Burmakan, mwalimu wa fizikia wa kijiji cha Ak-Sary, alikuwa na miaka hamsini na minne. Wanawake kwetu hustaafu wakiwa na hamsini na minane. Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi.

Ilikuwa siku ya tatu ya tume ya upimaji wa walimu, mwezi Machi, nje theluji chafu. Tulikaa katika maabara ya shule moja ya mjini kwa sababu ndicho chumba pekee kilichopata joto. Tulikuwa wawili: Zuura, mwenyekiti, na mimi, mkaguzi wa fizikia wa mkoa. Mafaili yalikuwa arobaini na moja. Katika kila andalio wanafunzi walikuwa “wakigundua kwa furaha.” Kufikia siku ya tatu nilikuwa nikiruka mistari hiyo kama mtu anayeruka matope.

Somo la Burmakan lilihusu kuchemka kwa maji, darasa la nane. Walimu wengine watatu walikuwa wameleta somo lilelile: sufuria ileile, maswali yaleyale, na jibu lilelile kwamba maji yalichemka kwenye nyuzi 91.4. Ni Taalay peke yake, wa bonde la chini, aliyebadilisha 91.4 kuwa 100, kama kitabu kinavyosema. Kwa kusahihisha hivyo alithibitisha kwamba hakuwasha moto.

Kompyuta ilitaja pia chanzo cha kazi zote nne: tovuti ya idara yetu, andalio namba 112, limewekwa na Kubat.

Kubat ni mimi.

Tangu shule zilipofungwa wakati wa ugonjwa ulioikumba dunia nzima, nilipewa kazi ya pili. Kila Jumatatu nawatumia walimu wa mkoa orodha ya vitu vya bure vya mtandaoni: video za majaribio, nyaya ambazo mtoto anaweza kuziunganisha kwenye skrini, vitabu vya kupakua, mitihani iliyokwisha tungwa. Vingi ni vya Kirusi. Vya Kikirigizi ni vichache, kwa hiyo nilipokutana na andalio zuri katika lugha yetu nililichukua, nikalipanga katika fomu ya idara na kuliweka kwenye tovuti. Fomu ina nafasi ya mada, darasa, muda, malengo na vifaa. Haina nafasi ya jina la aliyeandika. Nilipanga maandalio mia tatu kwa namna hiyo. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka yafanane.

Watatu wa kwanza walitia saini ya kukataliwa bila ubishi. Taalay ndiye aliyesimama mlangoni na kofia yake mkononi.

“Agai,” aliniita, kama tunavyomwita mwalimu wa kiume, “si wewe uliyetuambia tuvitumie?”

“Kufundishia darasani. Si kuvileta hapa kama kazi yenu.”

“Aa. Kumbe cha bure kina mlango wa kuingilia tu.” Akavaa kofia, akaenda zake.

Burmakan aliingia saa saba na nusu. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, na buti zake ziliacha maji sakafuni. Zuura alimsukumia karatasi na kalamu.

“Kaa, ejeke,” alimwambia, kama tunavyomwita mwalimu wa kike. “Ni saini moja tu. Hapo chini.”

Burmakan aliisoma yote. Aliisoma polepole, kama anavyosoma mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini.

“Hapa pameandikwa nimenakili.”

“Asilimia tisini na nne,” Zuura alisema. “Si sisi tunaosema. Ni mashine.”

“Nimenakili kwa nani?”

“Kwa Kubat. Huyu hapa.”

Alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyolitazama basi lililojaa.

“Hili andalio ni langu,” alisema. “Niliandika mwaka ule tuliofungiwa ndani. Niliweka kwenye ule mtandao wa walimu, ili na wengine wapate. Jina langu lilikuwa juu kabisa.”

“Tuoneshe, basi.”

“Mtandao wenyewe umekufa. Mwenye nao aliacha kuushughulikia, siku moja ukawa haufunguki.”

“Daftari?”

“La watoto? Tuliwashia jiko, mama. Majira ya baridi yalikuwa marefu.”

Zuura alicheka, kisha akajizuia. “Unaona sasa? Mimi nifanye nini? Kila mtu ni mwandishi akiwa hana karatasi.”

Sikukumbuka 112 niliitoa wapi. Kati ya mia tatu, nisingeweza kukumbuka, na kukumbuka kwangu kusingekuwa ushahidi. Niliangalia tena ile namba.

“Ejeke,” nilisema, “mlipima kwa kipimajoto gani?”

“Cha zebaki. Cha shule, kile cha enzi za Wasovieti. Kina alama za nyuzi moja moja, tunakadiria nusu. Tulipima mara tano, watoto wakisoma kwa zamu. Mara moja tisini na moja, mara nne tisini na moja na nusu.”

Nilipiga hesabu. Wastani wake ni 91.4.

“Na kwa nini si mia?”

Hapo ndipo uchovu wake ulipotoka wote. “Agai, wewe ni mtu wa fizikia. Ak-Sary maji hayafiki mia. Nyama ya farasi tunaiweka jikoni asubuhi tunaila jioni. Mkwe wangu wa mjini kila akija analalamika kwamba nampa nyama mbichi.”

Nilifungua kabati la maabara, nikatoa kipimajoto, nikajaza birika la umeme tulilokuwa tukichemshia chai. Nililiacha wazi lisijizime.

“Unafanya nini?” Zuura aliuliza.

“Napima.”

“Tuna mafaili kumi na mawili bado.”

“Dakika nne.”

Tulingoja. Burmakan aliutumia muda huo kukaa kwenye kiti kilicho karibu na bomba la joto na kufumba macho. Maji yalipotokota nilishika kipimajoto katikati, bila kugusa chini. Nilisoma tisini na tatu. Nikamwita Zuura naye asome. Akasoma tisini na tatu.

“Haya. Ndiyo nini?”

“Mji huu uko mita elfu mbili na arobaini juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita mia tatu, maji huchemka mapema kwa takriban nyuzi moja. Ili upate 91.4 lazima upande karibu mita mia tano kutoka hapa. Shule ya Taalay iko chini yetu. Wale wengine wawili, mmoja yuko chini, mwingine yuko mita mia moja tu juu. Ak-Sary iko elfu mbili na mia sita.”

“Labda alinakili kwako, namba ikaoana na kwao kwa bahati tu.”

“Mimi ningeipata wapi? Maisha yangu yote nimechemsha maji katika mji huu. Andalio 112 lina jina langu na joto la maji ya kwao.”

Zuura alivua miwani. “Kubat. Unajua unachosema?”

“Nasema nilichukua kazi yake mtandaoni, nikaipanga katika fomu yetu, na jina lake likaanguka njiani. Mashine imesoma tarehe ya tovuti yetu tu. Haijui kilichokuwa kabla.”

“Kumbukumbu za tume hii zinakwenda mji mkuu. Nikiandika hivyo, atakayeitwa kujieleza si yeye.”

“Najua.”

“Na hiyo orodha yako ya Jumatatu wataifunga.”

“Andika, dada.”

Burmakan alifumbua macho. “Jamani, acheni tu. Basi langu ni saa tisa, na likiniacha nalala stendi. Nitie saini wapi niondoke?”

“Usitie saini,” nilimwambia.

“Nimechoka, agai. Miaka mitatu nimekusanya vyeti vya hilo faili. Nimesikiliza semina za mtandaoni nikikamua ng'ombe. Kama jibu ni hapana, nipeni hapana yangu niende nayo nyumbani.”

Zuura aliichana ile karatasi vipande viwili na kuvitia mfukoni, kwa sababu katika maabara ile hapakuwa na pipa la taka. Kisha akaandika, kwa mkono, nusu ukurasa. Aliandika mwinuko wa mji, mwinuko wa Ak-Sary, nyuzi za hapa na nyuzi za kule. Aliandika jina langu na nilichofanya. Tulitia saini sote watatu. Burmakan akapewa daraja la juu saa nane na dakika ishirini. Hakushangilia. Aliuliza kama maji yale ya birika yanafaa kwa chai, akanywa kikombe kimoja akiwa amesimama.

“Nikurudishie jina lako kwenye tovuti,” nilisema.

“Rudisha. Lakini weka na mita.” Alifunga skafu. “Mtu akisoma 91.4 bila mita atadhani ni kosa la chapa.”

Barua ya onyo ilinifikia mwezi Aprili, kurasa mbili. Orodha haikufungwa, niliamriwa tu kurudisha majina yote kabla ya mwisho wa mwaka wa masomo. Nilitumia wiki sita. Niliwapata wenyewe arobaini na mmoja. Maandalio mia mbili hamsini na tisa niliyaondoa, ingawa mengine yalikuwa mazuri, na walimu walinilaumu kwa hilo kuliko kwa lile la kwanza.

Jumatatu moja ya Mei niliwatumia kitu kimoja tu: somo la kuchemka kwa maji, limeandikwa na Burmakan, Ak-Sary, mita elfu mbili na mia sita. Chini yake niliongeza sentensi moja: kila mmoja apime kwake, aandike anachokiona, si kilicho kitabuni.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Taalay. “Agai, kipimajoto chetu kilivunjika mwaka juzi. Kuna tovuti gani wanakotoa vya bure?”

Nilitafuta asubuhi nzima. Kisha nikaenda kwenye lile kabati la maabara, nikahesabu vilivyokuwemo. Vilikuwa vinne, na shule za bonde la chini ni kumi na moja.