Unyoya Kausogeza Nani

Mtoto wa dada yangu Perrenote alizaliwa hana pumzi. Kesho yake tukambeba mpaka kanisa la Bikira kule ng'ambo ya mto, maana watoto wa namna hiyo hupelekwa kule. Wanalazwa juu ya altare, makaa pembeni, unyoya mdomoni. Unyoya ukisogea, basi mtoto kaishi japo kidogo, padre anambatiza. Usiposogea anafukiwa nje ya ukuta wa kanisa kama mbwa, na Mungu hatamwona milele.

Tulikaa tangu asubuhi, unyoya kimya. Perrenote damu ya uzazi haijamkauka, kapiga magoti kwenye sakafu ya mawe.

"Ongeza makaa," akamwambia mkunga, Mama Oudotte.

"Tutamchoma, mwanangu."

"Ongeza."

Akaongeza. Unyoya ukainuka upande mmoja, ukalala tena. Niliuona kabisa. Mama Oudotte akaanza kulia.

Padre Gaucher akaja polepole. Askofu alishamkaripia kuhusu yale makaa. Akanigeukia mimi.

"Si wewe uliyekwenda kusoma Paris?"

"Sikumaliza, baba."

"Hilo hata kuku wa hapa wanalijua. Lakini jambo moja walikufundisha. Unyoya kausogeza nani?"

Ndilo hilohilo walilonigongea kichwani mpaka nikatoroka: kinachoweza kuwa, hakijifanyi kuwa. Unyoya unaweza kuinuka, sawa, lakini utalala pale mwaka mzima mpaka uguswe na kitu ambacho chenyewe tayari kinafanya kazi. Na pale altareni vilikuwepo viwili. Mtoto, wa baridi, masikio ya bluu. Na makaa, mekundu, joto lake linanipiga usoni. Hata punda angejibu.

Perrenote alinyoosha mkono. Alinishika kifundo cha mguu, akabana.

"Mtoto," nikasema.

"Utaapa?"

"Naapa."

Padre akachota maji. "Kama u hai, Symonet, nakubatiza," na mengine akayasema haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Tukamzika ndani ya ukuta, karibu na mlango. Nikasema moyoni, haya, sasa dada atapumzika.

"Kaka," akaniita, bado kainamia udongo.

"Naam."

"Kumbe alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Tangu jana. Na mimi nilimfunika kitambaa usoni, nikambeba hivyo njia nzima."

Nikapangusa udongo mikononi.

"Au ni makaa? Mimi ndiye niliyesema ongeza. Wewe umesoma, niambie. Alikuwa hai, sasa hayupo. Nani kamuua?"

Nikafungua mdomo. Padre Gaucher alikuwa hatua chache tu kutoka pale, kaegemea koleo, anasikiliza. Nikisema kweli, wanamfukua.

"Sijui, dada."

"Unajua," akasema, na kucha zake zikaingia kwenye udongo. "Niambie ni mimi."