Mpira Uliozama Kwenye Pipa

Mtaani walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Shuleni mwalimu akiita majina, yeye alinyoosha kidole tu, wenzake wakamjibia "Yupo!" kwa pamoja huku wakicheka. Nyumbani aliongea, lakini kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha kuku aliyeatamia. Baba yake ndiye pekee aliyesema haina neno.

"Kelele zote za ukoo wetu alizimaliza dada yake," alikuwa akisema. "Huyu binti alifika akakuta sufuria tupu."

Baba mwenyewe walimwita Baba Mchwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuua mchwa kwenye nyumba za watu. Kunguni pia, na mende, lakini mchwa ndio waliomlisha. Dawa alichanganyia uani, kwenye pipa la bluu lililopandishwa juu ya matofali karibu na bomba. Kwenye chupa dawa ilikuwa ya njano, lakini ikigusa maji tu pipa zima linageuka jeupe, jeupe pe, kama maziwa. Mgeni asiyejua angeweza kuomba kikombe.

Na Baba alikuwa na utaratibu wake. Mpira wa maji ulifungwa kwenye bomba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ukakazwa usivuje. Ncha ya pili ilifungiwa jiwe, izame mpaka chini kabisa ya pipa.

"Maji yakianguka toka juu yanapiga povu," alimfundisha Kimya. "Povu likupate jichoni, utaona nyota mchana. Mpira uzame, mwanangu. Uzame kabisa."

Kimya alikuwa akiuzamisha mpira ule tangu enzi za kupanda juu ya kiti ili alifikie pipa.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya likizo. Baba akamimina dawa, akavua glovu, akasema anakwenda kumpitia mwenzake wa kazi na pampu za mgongoni. "Pipa likijaa funga bomba. Usichezee kitu kingine."

Pipa lilikuwa limekaribia mdomo maji yalipokatika. Hakushangaa mtu. Kule chini barabarani tingatinga lilikuwa likichimba mtaro, na bomba kubwa la mtaa lilipita hapohapo, likapanda kilima nyumba kwa nyumba mpaka kwao Kimya, nyumba ya mwisho juu kabisa.

"Tayari!" sauti ya Mama Redio, jirani yao wa kule chini, ikapanda kilima bila kuhitaji ngazi. "Wamelikata! Si nilisema? Nilisema au sikusema?"

Kimya akaacha bomba wazi. Kila mtu huacha bomba wazi maji yakikatika, ili ayasikie yakirudi. Akaingia jikoni kuosha vyombo kwa maji ya ndoo.

Akiwa huko akasikia sauti uani. Grruu. Fyuuu. Grruu. Kama mtoto anayemaliza soda kwa mrija na hataki kubakiza tone. Akafikiri ni paka wa jirani ana lake. Akasuuza sahani, akasuuza vikombe, akapanga. Sauti ikanyamaza.

Alipotoka kumwaga maji machafu, jicho likaangukia pipa, naye akasimama na beseni mkononi.

Pipa lilikuwa nusu.

Pembeni kwa ndani kulikuwa na alama nyeupe, mstari uliozunguka pale dawa ilipokuwa imefika. Chini ya mstari kulikuwa na nafasi kubwa tu. Kimya akachuchumaa akapapasa matofali. Makavu. Akapapasa ardhi. Kavu, vumbi likamshika vidoleni. Pipa halikutoboka. Hakuna aliyeingia, maana mlango wa uani ukifunguliwa hulia.

Akautazama mpira. Ulikuwa umebonyea katikati kama shavu la mtu anayefyonza mfupa. Na kwenye ncha ya juu, pale tyubu ilipolegea kidogo karibu na bomba, kulikuwa na tone. Tone lilikuwa jeupe.

Siku zote Kimya alijua bomba lina mdomo wa kutema tu. Hakuwahi kufikiri lina mdomo wa kunywa. Lakini dawa ilikuwa kwenye pipa, sasa haipo, na njia ya kutoka ilikuwa moja. Maji ya mtaa yalipoporomoka kwenda kwenye lile shimo la tingatinga, yalivuta nyuma yao kila kilichoshikana nayo. Na mpira ulikuwa umezama. Kabisa, kama alivyofundishwa.

Mlango wa uani ukalia. Baba akaingia peke yake, pampu mbili mgongoni, jasho linamtiririka.

"Mbona umesimama kama mlingoti? Limejaa?"

Kimya akaonyesha kwa kidole.

Baba akachungulia. Akauona mstari. Akauvuta mpira taratibu, jiwe likatoka linachuruzika. Kimya aliona uso wa baba yake ukifanya jambo ambalo hakuwahi kuuona ukilifanya. Ulizeeka papo hapo.

"Imekwenda bombani," Kimya akasema.

"Shh."

"Baba, imekwenda..."

"Nimekuambia shh! We si ndiye Kimya? Leo ndiyo umepata ulimi?" Akafunga bomba, akarusha mpira kule. Akasogea karibu, akaanza kunong'ona. "Sikiliza, mwanangu. Maji hayajarudi. Sawa? Yakirudi yatasukuma, yatajisafisha yenyewe. Dawa ni kidogo, maji ni mengi. Nani atajua? Ukitamka neno, watu hawa watanila mzima. Nani tena atanifungulia mlango wake nipige dawa?"

Kimya akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo alivyozoea. Na ukweli alikuwa akiogopa kama yeye, hata kuliko yeye, kwa sababu mkono uliozamisha mpira ulikuwa wake.

Ndipo sauti ikapanda tena toka chini.

"Enyi wa juu! Msilale! Huku yamerudi zamani, mimi niko ndoo ya tatu! Meupee, lakini ni hewa tu, yaacheni yatulie!"

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho. Maji yalianza chini na kwao yalifika mwisho siku zote. Na milango michache chini ya Mama Redio kulikuwa na nyumba ya dada yake.

"Baba," Kimya akasema. "Kibonge."

Kibonge alikuwa mjukuu wa pekee wa Baba, mtoto wa dada, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia bila kuanguka.

Kimya hakungoja. Alitupa beseni, akafungua komeo, akashuka kilima miguu mitupu.

Njia ilikuwa ileile ya kila siku, lakini leo kila mlango ulikuwa na ndoo. Mzee mmoja alikuwa akinawa uso. Msichana alikuwa akimimina maji kwenye mtungi wa chujio, akiimba. Kimya akataka kupiga kelele. Akajaribu. Kikatoka kitu kama kikohozi cha mbuzi.

Mama Redio alikuwa mlangoni pake, kikombe cha bati mkononi, anainua.

Kimya akakipiga kikombe. Kikaruka, kikagonga ukuta.

"We mtoto una wazimu?" Mama Redio akafoka. "Mtoto wa Baba Mchwa, mpole wa watu! Leo umekula nini?"

Kimya akamvuta kitenge mpaka sikio likashuka. Akanong'ona, kwa sababu kunong'ona ndiko alikoweza. "Yana dawa ya mchwa. Bomba limevuta dawa ya pipa letu. Si hewa. Piga kelele wewe, mama, mimi siwezi."

Mama Redio akageuka kuitazama ndoo. Maji yenye hewa hutakata, chini kwanza, halafu juu, na haichukui muda. Ndoo yake ya kwanza ilikuwa imekaa pale kitambo. Ilikuwa nyeupe vilevile. Akainama akanusa.

Mama Redio alikuwa amepiga kelele maisha yake yote, lakini zile zote zilikuwa mazoezi.

"MSINYWEEE! Mwageni! Maji yana sumu! Wewe mzee, acha kunawa! Funga bomba! Wewe unayeimba, mwaga! MSINYWE!"

Sauti ile ikamtangulia Kimya mlango kwa mlango, ndoo zikaanza kupinduliwa, watu wakaanza kuitana. Lakini dada yake alikuwa na tabia ya kufungulia redio kubwa akiwa jikoni.

Kimya akaingia bila hodi.

Birika lilikuwa jikoni linafuka. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa wazi juu ya meza. Dada alikuwa kwenye kigoda, amempakata Kibonge, mkono mmoja umembana pua, mwingine umeshika kikombe mdomoni, kama alivyofanya kila siku, maana Kibonge na maziwa walikuwa paka na panya.

"Kunywa! Leo umezidi, hata kunusa hutaki..."

Kimya akamnyang'anya kikombe. Maziwa yakawamwagikia wote watatu.

"Mdogo wangu, vipi?"

"Maji gani? Dada, maji gani hayo?"

"Ya bomba, yamerudi sasa hivi. Meupe, lakini nimeyachemsha, wadudu wamekufa..."

"Si wadudu! Ni dawa ya Baba. Ya mchwa. Kuchemsha hakuiui." Kimya hakujua kwamba alikuwa anapiga kelele. "Amekunywa? Amemeza?"

Dada akatazama kikombe. Maziwa meupe, maji meupe. Hakuna jicho la binadamu lingeweza kusema kipi ni kipi. "Sijui," akasema. "Alikuwa anatema. Lakini nilikuwa nimembana pua. Ee Mungu wangu, nilikuwa nimembana pua."

Kibonge akakohoa. Mate yakamjaa mdomoni, yakatoka kama uzi.

Hawakufunga mlango. Walikimbia zahanati dada akiwa mbele na mtoto begani, Kimya nyuma akimshika yule mtoto kisigino, kana kwamba akikiachia ataondoka. Nyuma yao walikuja wengine, mzee wa kunawa uso macho yamemvimba, mama mmoja aliyesema tumbo linamsokota, na hakuna aliyejua kama ni dawa au ni hofu.

Nesi akampokea Kibonge, akamlaza, akamvua shati lililolowa, akamwosha kwa maji ya chupa, akamulika macho. "Mboni zimekuwa ndogo," akamwambia daktari. Halafu akamgeukia dada. "Dawa gani?"

"Ya mchwa."

"Mchwa wana dawa chungu nzima. Jina lake? Nikimpa kisichostahili namdhuru zaidi. Nani ana chupa?"

Dada akamtazama Kimya. Kimya alijua chupa ni ya njano na ina kifuniko chekundu. Jina hakuwahi kulisoma. Chupa ilikuwa kule juu, kwa mtu aliyemwambia anyamaze, na huyo huenda saa hii alikuwa akiichimbia shimo. Kibonge alikuwa anapumua kama anayepanda ngazi.

"Nitaifuata," Kimya akasema, akageukia mlango.

Nje kukawa na kelele. Watu walikuwa wamejaa barazani, Mama Redio katikati yao akiuliza kwa niaba ya wote, "Nani? Nani kafanya hivi? Tunataka kumjua!" Kisha zikapungua, kidogo kidogo, mpaka zikaisha.

Baba Mchwa alikuwa anapita katikati yao. Alikuwa ameinyanyua chupa juu ya kichwa kwa mikono miwili, kila mtu aione, kifuniko chekundu na karatasi yake yote. Hakumtazama mtu.

"Ni yangu," alikuwa akisema kila hatua. "Pipa ni langu. Nipisheni. Ni yangu. Mjukuu wangu yuko ndani. Nipisheni."

Wakampisha. Mtu mmoja akamtemea mate begani. Hakuyafuta.

Nesi akaipokea chupa, akaisoma, akamwita daktari, na mlango ukafungwa.

Walingoja. Fundi wa bomba alifika na matope mpaka magotini. Akasema wamefunga koki ya mtaa, kwamba watafungulia maji yamwagike mtaroni, na asichote mtu mpaka yapimwe. Akamwuliza Baba mpira ulikuwaje. Baba akamwambia.

"Mpira ungening'inia tu," fundi akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Akaonyesha kwa kiganja. "Juu ya mdomo wa pipa, nafasi kama hii. Bomba likivuta linavuta hewa. Na hapo penye mita tunafunga vali ya kuzuia yasirudi. Nyumba yako haina. Na nyumba nyingine za mtaa huu sijui kama zinayo."

Baba akakitazama kile kiganja, kisha akatazama chini. "Nilikuwa naogopa povu," akasema.

Mama Redio, pembeni, alikuwa na maneno. Kwa mara ya kwanza mtaa ule ulimwona akiyameza.

Jua lilikuwa limelala dirishani daktari alipotoka akasema mboni zimerudi kawaida, kwamba alimeza kidogo, kwamba atabaki hapa wamwangalie. Dada akakaa sakafuni akalia. Baba alisimama mlangoni, haingii, mpaka Kimya akaenda kumshika mkono akamwingiza.

Kibonge akafumbua macho. Akawatazama mmoja mmoja. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Maji," akasema.

Hakuna aliyesogea. Ukutani kulikuwa na bomba, na wote watatu walilitazama, nalo likadondosha tone kwenye sinki.

Nesi akaja na chupa ya maji iliyofungwa, akaikata kifuniko mbele yao, akajaza kikombe. Kimya akakipokea yeye. Akakiinua dirishani. Yalikuwa maangavu mpaka aliona vidole vyake upande wa pili. Akanusa. Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akameza, akangoja.

"Mama mdogo," Kibonge akasema, kwa uchungu wa mtu anayeibiwa. "Yangu!"

Kimya akangoja kidogo tena. Kisha akampa.